Ndoana ya duara au ndoana ya J: ipi inafaa mtoni na ziwani?

Kabla ya kuuliza ndoana ipi ni bora, jiulize hivi: samaki akishachukua chambo, ni nani atakayemnasa? Ukitumia ndoana ya kawaida, ile yenye umbo la herufi J, anayenasa ni wewe. Unahisi anadonoa, unashtua fimbo, ncha inazama. Ukitumia ndoana ya duara, samaki anajinasa mwenyewe anapoondoka na chambo huku uzi ukikaza. Karibu yote nitakayosema hapa chini yanatokana na tofauti hiyo, na wengi wanaolalamika kwamba ndoana ya duara "haishiki" wanaitumia kwa mkono uliozoea J.

Nazungumzia maji baridi, yaani mito, maziwa na mabwawa. Baharini mjadala huu ulishafika mbali. Wavuvi wa mishipi mirefu wanaotafuta halibati (samaki bapa mkubwa) kaskazini mwa Pasifiki walihamia ndoana za duara mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sababu yao ilikuwa ya kibiashara: zilipandisha samaki wengi zaidi. Kwenye maji baridi jibu halitoki haraka hivyo, kwa sababu samaki ni wa kila namna, midomo ni ya kila ukubwa, na namna za kuvua ni nyingi.

Umbo, na jaribio la kikombe

Ziweke zote mbili kiganjani. J ina shina lililonyooka, mpindo, kisha ncha inayopanda juu sambamba na shina. Ya duara imejikunja hadi ncha inalitazama shina lenyewe, karibu kwa pembe mraba. Anayeiona mara ya kwanza huwa haamini kwamba inaweza kumnasa yeyote. Ukiiburuza taratibu juu ya kidole inateleza tu. Wazo lenyewe ni la kale: watu wa visiwa vya Pasifiki walichonga ndoana za kujikunja namna hii kwa mifupa na makombe muda mrefu kabla ya kupata chuma.

Ukitaka kuona inavyofanya kazi, chukua kikombe cha plastiki laini. Funga uzi kwenye ndoana ya duara, itumbukize ndani, kisha vuta uzi polepole kuelekea pembeni. Ndoana itapanda ukutani bila kushika kitu mpaka ifike ukingoni. Hapo shina linavuka ukingo, ndoana inageuka, na ncha inauma plastiki kwa ndani. Kikombe ndicho koo na mdomo wa samaki, na ukingo ndio pembe ya taya. Sasa rudia kwa J: ncha inakwaruza ukuta njia nzima, na kama ukuta ule ungekuwa nyama laini ya koo, ingekuwa imeshazama kabla haijafika mdomoni.

Kisha fanya jaribio la tatu, ambalo wengi hulisahau. Rudisha ndoana ya duara kikombeni na uivute kwa kushtua, kama unavyofanya ukihisi samaki anakula. Mara nyingi inachomoka na kuruka nje bila kushika chochote. Hayo ndiyo malalamiko ya "haishiki" mbele ya macho yako.

Mkono unaoshika fimbo

Kwa J, ustadi wote uko kwenye wakati. Ukishtua mapema, chambo kinatoka mdomoni mwa samaki kabla hajakifumba. Ukichelewa, amekwisha kumeza na ncha iko tumboni. Mvuvi mzoefu anaujua wakati huo kwa vidole, na hakuna furaha ya uvuvi wa mshipi inayoishinda ile ya kushtua kwa wakati wake na kuhisi uzito. Sitaki kumnyima mtu hilo. Anayependa kushika fimbo mkononi muda wote na kuusikiliza uzi, J itamlipa vizuri.

Ndoana ya duara inataka kinyume chake, na ndiyo maana watu waliovua miaka mingi ndio wanaopata tabu nayo kuliko wanafunzi. Samaki akidonoa, usifanye kitu. Akianza kwenda na uzi, bado usifanye kitu. Fimbo ikijikunja kwa uzito wa samaki mwenyewe, anza kuzungusha rili kwa mwendo mmoja, bila kuinua fimbo kwa kasi. Breki ya rili isiwe legevu mno, maana uzi usipokaza ndoana haigeuki. Wala isiwe ngumu kiasi kwamba samaki mzito akate uzi au aiburuze fimbo majini. Anayevua kwa ufito bila rili anaweza kuitumia pia: akihisi samaki anaondoka, auelekeze ufito upande aliotoka samaki, uzi ukaze taratibu, kisha avute kwa mkono mtulivu.

Kwa hiyo fimbo ikiwa imewekwa kwenye kishikio ukingoni, hasa ukiwa na fimbo mbili au tatu, au unavua usiku na huoni uzi, duara haina mpinzani. Unaweza kuwa unafungua chupa ya chai na samaki akajinasa vizuri pembeni mwa taya. Mtoto au mgeni wa uvuvi naye mpe duara; hana haja ya kujua wakati wa kushtua, na ile ncha iliyoelekea ndani haichomi vidole, nguo wala watu wa jirani kirahisi. Sharti ni moja, umkumbushe kila samaki anapodonoa: subiri.

Chambo na mwanya

Hapa ndipo duara inaposhindwa bila kosa lake. Mwanya kati ya ncha na shina ni mdogo kuliko wa J ya ukubwa unaolingana, na ukiujaza chambo, ncha haina pa kupita. Mnyoo uliokunjwakunjwa hadi ukawa bonge utakuletea samaki wanaokula na kwenda zao. Mchome mara moja au mbili tu, mikia ining'inie, na mwanya ubaki wazi. Samaki mdogo aliye hai achomwe kwenye midomo au nyuma ya pezi la mgongoni, kwa ngozi kidogo tu. Kipande cha samaki kichomwe ukingoni, upande wenye ngozi, ndoana yote ikiwa nje.

Mazoea ya J ni kuificha ndoana ndani ya chambo ili samaki asiione. Kwa duara ondoa wasiwasi huo. Ndoana ikae wazi kabisa, ncha ikiwa tupu.

Chambo cha unga uliokandwa ni hadithi nyingine. Kinafinyangwa juu ya mpindo mzima, na kwenye ndoana ya duara kinaufunga mwanya kama kizibo. Unavua kwa unga? Chukua J ndogo yenye waya mwembamba na uachane na duara.

Samaki kwa samaki

Kambare ndiye samaki wa ndoana ya duara. Mdomo wake ni mpana, anachukua chambo kilicholala chini, anafumba na kuondoka nacho. Sehemu kubwa ya kinywa ni mfupa na ngozi ngumu ambamo ncha ya J huweza kuteleza, lakini pale pembeni taya zinapokutana kuna mahali pazuri pa kushika, na ndoana ya duara inakwenda hapo yenyewe. Akishashikwa hapo, kutoka ni kazi. Anaweza kujizungusha na kupiga kichwa atakavyo. Kambare wengi walionaswa kwa J kwenye fimbo isiyoshikwa wanakuja na uzi umepotelea kooni, hata wale ulionuia kuwarudisha.

Sangara anayevuliwa kwa chambo hai naye yuko upande huo huo. Anameza kwa kufungua mdomo ghafla na kuvuta maji na chambo pamoja, kwa hiyo J iliyochelewa kushtuliwa inaishia ndani sana. Ila ukimtafuta kwa chambo bandia kinachoburutwa nyuma ya boti, mambo yanageuka, kama utakavyoona mbele.

Perege ni mlango mwingine kabisa. Mdomo ni mdogo, anadonoa na kutema, anadonoa na kutema, na mara nyingi haondoki na chambo popote. Ndoana inayongoja samaki aondoke itangoja hadi jua lizame. Kwa huyu, J ndogo ya shina refu, boya jepesi na mkono mwepesi. Shina refu linasaidia pia kuitoa ndoana kwenye kinywa kile kidogo bila kukipasua.

Trauti anayevuliwa kwa mnyoo uliotulia kwenye bwawa huumeza upesi, na duara ndogo humwokoa. Kwenye kijito chenye mkondo, ambako chambo kinaelea na kupita mbele yake kwa sekunde chache, huna muda wa kumngoja; J.

Besi mwenye mdomo mpana ndiye anayewagawa watu. Watafiti wa Amerika Kaskazini, akiwemo Steven Cooke, walimchunguza kwa ndoana za namna mbalimbali na kuchapisha matokeo mwaka 2003: tofauti ya vifo kati ya duara na ndoana ya kawaida ilikuwa ndogo, lakini duara ilikosa samaki wengi zaidi. Mwaka uliofuata Cooke na Cory Suski walikusanya tafiti nyingi za baharini na maji baridi. Kwa jumla ndoana za duara ziliua samaki wachache, ila faida ilitofautiana sana kati ya samaki na samaki, na wao wenyewe walionya zisipendekezwe kwa kila samaki bila ushahidi. Naona huo ni usemi wa haki. Anayekuambia duara ni dawa ya kila maji anauza ndoana.

Kuhusu kapi, wavuvi wake wana mitego yao ambayo chambo kinaning'inia kwenye uzi mwembamba nje ya ndoana na chubwi nzito inamnasa samaki anapojiinua. Hapo samaki anajinasa kwa uzito wa chubwi, na hata ndoana iliyopinda kidogo tu inatosha.

Ukimla au ukimwachia

Kama kila unachovua kinakwenda jikoni, hoja ya kumlinda samaki inapungua uzito, ingawa haipotei: kuna samaki wadogo ambao sheria inataka warudi majini, na kuna muda unaopotea ukichokonoa koo la samaki gizani. Kama unaachia, mahali ndoana iliposhika ndipo panapoamua kuliko kitu kingine chochote kama ataishi. Mdomoni au pembeni mwa taya, nafasi yake ni nzuri. Kwenye matamvua, kooni au tumboni, damu inatoka na nafasi inashuka vibaya.

Ikitokea imemezwa, kwa ndoana yoyote ile, kata uzi karibu na mdomo uiache. Samaki aliyekatiwa uzi huwa na nafasi nzuri kuliko aliyechimbuliwa ndoana kwa koleo. Kwa sababu hiyo epuka ndoana za chuma kisichoshika kutu. Kwenye maji baridi hata ndoana ya kawaida inachukua muda mrefu kuoza kuliko kwenye chumvi; ya chuma kisichoshika kutu itakaa humo muda mrefu zaidi.

Kuna jambo moja la kukagua dukani ambalo paketi nyingi halilielezi vizuri. Laza ndoana ya duara juu ya meza. Ikilala bapa, ncha na shina viko kwenye mstari mmoja. Ikiyumba, ncha imepindishwa ubavuni. Watengenezaji hupinda hivyo ili ndoana ishike haraka, na kushika haraka ndiko usikokutaka, kwa sababu inaweza kushika njiani kabla ya kufika pembeni mwa taya. Eric Prince na wenzake waliochunguza samaki wa baharini wa jamii ya sulisuli waliandika mwaka 2002 kwamba ndoana za duara zilizopindishwa ubavuni kwa takriban nyuzi 15 zilinasa ndani kwa kiwango kikubwa. Ukinunua za kuyumba, umenunua jina la duara na tabia ya J.

Sheria zingine zinaikagua ndoana kwa namna hiyo hiyo. Marekani, tangu 2021, anayevua besi wa milia kwa chambo cha asili kwenye maji ya pwani ya Atlantiki anatakiwa kutumia ndoana ya duara, nayo iwe na ncha inayolitazama shina na isipindishwe ubavuni. Besi huyo huishi baharini na kupanda mitoni kutaga. Sehemu nyingine nyingi hakuna sharti kama hilo. Angalia kanuni za maji unayovua kabla ya kufunga chochote.

Kuitoa ndoana ya duara kunahitaji maarifa kidogo. Usiivute moja kwa moja, utapasua taya. Shika shina kwa koleo na uizungushe irudi njia ile ile iliyoingilia. Ukikibonyeza kijino, kile kimwiba kidogo nyuma ya ncha, kwa koleo mapema, itatoka bila ubishi, na kwa kuwa umbo lake limekwishajifunga kwenye taya, samaki wanaochomoka kwa kukosa kijino ni wachache kuliko kwenye J. Uzi usilegee tu.

Pale J inapobaki mfalme

Chambo bandia chochote kinachohama: vijiko vya chuma, samaki wa plastiki, manyoya yaliyofungwa kuiga mdudu. Samaki akikigusa anagundua mara moja kwamba si chakula na anakitema. Usiposhtua hapo hapo, kwisha. Ndoana ya duara kwenye chambo cha namna hiyo ni kujitesa. Boya jepesi na samaki wadogo, J. Kuvua chini ya mti au kwenye magugu ambako samaki akipewa hatua mbili anajifunga kwenye mizizi, J pia, kwa sababu huwezi kumpa nafasi ya kuondoka na chambo. Hapo hapo kuna ubishi: ncha ya duara iliyofichika hainasi magugu na magogo kirahisi unapoivuta tupu, kwa hiyo kama hatari ni magogo yaliyo njiani na si maficho ya samaki mwenyewe, duara inarudi kufikiriwa.

Mishipi mirefu yenye ndoana nyingi inayotegwa jioni na kukaguliwa asubuhi haina mjadala. Hakuna mkono wa kushtua usiku kucha. Ndoana za duara, na kambare wanakutwa wameshikwa pembeni mwa taya, wengi wao wakiwa hai.

Fundo na ukubwa

Ndoana ya J inavumilia karibu fundo lolote zuri. Duara inataka kufungwa kwenye shina: pitisha uzi kwenye tundu kutokea upande wa ncha, uzungushe kwenye shina mara kadhaa, ukaze. Ukiuvuta, uzi unaisukuma ndoana igeuke kuelekea taya. Ukipitisha kutoka upande wa mgongo, mvuto huo unaipindisha vibaya. Fundo likikushinda, fundo la kitanzi kinachocheza linafaa, kwa sababu linaiacha ndoana huru kugeuka.

Namba za ukubwa zisikudanganye. Namba 4 ya mtengenezaji mmoja na namba 4 ya mwingine ni vitu viwili, na duara ya namba fulani huonekana ndogo kuliko J yenye namba hiyo hiyo kwa kuwa imejikunja. Pima kwa mwanya. Kwa kambare wa wastani wengi huanzia 5/0 na kupanda kadiri chambo kinavyokua (namba zenye /0 zikipanda ndoana hukua, zile tupu zikipanda hupungua). Kwa samaki wa midomo midogo, namba 6 hadi 10. Ukiwa na shaka kati ya mbili za duara, chukua kubwa, maana mwanya mdogo ndio unaopoteza samaki. Kwa J fanya kinyume: ndogo yenye ncha kali huingia kwa mshtuo mdogo.

Ukifika maji usiyoyajua na samaki usiowajua, chambo kikilala chini anza na duara; ukining'iniza chini ya boya anza na J. Kisha kagua samaki wa kwanza wachache, kila mmoja ndoana imekaa wapi. Zikianza kuonekana kooni, badili bila kungoja. Na ikiwa chambo kinaliwa kila mara na hakuna anayekuja, tazama kwanza mwanya, halafu mkono wako.